Kwa nini samaki wanakufa alfajiri: tangi la mimea katika joto la Dar

Swali: Kaka, habari za kazi. Nipo Tabata. Nina tangi la samaki la futi mbili, nimeliweka sebuleni chini ya dirisha ili lipate mwanga. Ndani kuna gapi kumi na wawili, goldifishi wawili, na mimea niliyonunua mwezi uliopita. Kila Jumamosi namwaga maji yote, nasugua vioo, naosha mawe, makombe na sponji ya filta kwa maji ya bomba mpaka vinang'aa. Lakini baada ya siku nne tano maji yanakuwa ya kijani, majani yanaoza, na asubuhi nawakuta samaki wote wako juu wanahema. Wiki hii wamekufa watatu. Ninunue hita na mtungi wa gesi ya mimea (hewa ukaa) kama ninavyoona kwenye video za Ulaya? Au Dar haifai kwa mambo haya?

Jibu: Salama, dada. Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalowakatisha tamaa wengi. Dar inafaa, tena sana. Mimea mingi ya tangini asili yake ni nchi za joto, na joto tunalo bure mwaka mzima. Ila joto hilo hilo linaharakisha kila kitu ndani ya tangi: chakula kinaoza upesi, mwani unaota upesi, samaki anahema upesi na anazaa upesi. Wale wa kwenye video wanafuga kwenye maji ya nyuzi 24, ndani ya nyumba zenye baridi. Ukiyachukua maelekezo yao yalivyo ukayaleta Tabata mwezi wa pili, unaongeza kasi mahali ambapo kasi tayari imezidi. Kwenye tangi la Dar kazi kubwa ni kupunguza: samaki wachache, chakula kidogo, saa chache za mwanga, na mikono isiingie ndani kila mara. Cha kuongeza ni mimea tu.

Sasa hizo Jumamosi zako. Najua unafanya kwa mapenzi, na tangi lililosuguliwa linapendeza machoni. Lakini hapo ndipo vifo vinapoanzia.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na chakula kilichobaki chini kikioza hutoa amonia pia. Amonia inaunguza matamvua. Ndani ya tangi lililotulia kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu kuna bakteria wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati ikiwa kidogo samaki anaivumilia, na mmea unaila. Bakteria hawa hawaelei kwenye maji. Wamejishika kwenye sponji, kwenye mchanga, kwenye mawe na juu ya majani, na wanaongezeka taratibu: tangi jipya kwa kawaida linahitaji wiki 4 hadi 6 kabla hawajatosha. Klorini ya kwenye maji ya bomba imewekwa ili kuua bakteria, na haibagui wa kwako na wa wengine. Kwa hiyo unapoosha sponji na mawe bombani mpaka vinang'aa, unarudi siku ya kwanza. Tangi lako halijawahi kufika wiki ya pili ya maisha yake.

Sponji ioshwe hivi. Chota maji ya tangi lita tano kwenye ndoo, tumbukiza sponji, ikamue mara mbili tatu. Maji yatageuka rangi ya chai iliyoiva. Acha hapo hapo, usiendelee. Ukiigusa utasikia bado ina utelezi kidogo vidoleni. Huo utelezi ndio bakteria wenyewe, ndiyo mali yako. Irudishe ndani, na yale maji machafu mwagia maua, yatakushukuru. Kazi hiyo ifanye mara moja kwa mwezi, au unapoona filta inapitisha maji kwa shida. Mawe yaache. Kioo futa upande wa mbele tu, ule unaotazama.

Maji badilisha robo kila wiki, basi. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35 linabeba lita 63 likijaa mpaka ukingoni. Ukitoa mchanga na ile nafasi ya juu, una kama lita 50. Robo yake ni ndoo moja ndogo isiyofika lita 13. Ni kazi ya dakika ishirini.

Kuhusu wale wanaohema asubuhi. Maji ya nyuzi 25 yanaweza kushika oksijeni kama miligramu 8.3 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanashika kama 7.6 tu, wakati samaki yule yule, kwa sababu ya joto, anahitaji oksijeni zaidi. Mchana mimea na ule mwani wa kijani vinatengeneza oksijeni, hivyo huoni shida. Usiku taa ikizimwa, navyo vinavuta oksijeni pamoja na samaki na bakteria. Kiwango kinashuka usiku kucha na kufika chini kabisa alfajiri. Ndiyo maana unawakuta juu, midomo imegusa uso wa maji, wanavuta ule utando mwembamba wa juu ambao bado una hewa. Maji yako ya kijani yanaongeza tatizo hili, maana ule ukijani ni mamilioni ya vijimea vidogo mno, na vyote vinahema usiku.

Dawa ya hapo ni pampu ya hewa, na iwake usiku. Kuna watu watakwambia mapovu yanafukuza hewa ukaa ambayo mimea inaihitaji. Usiku mimea haiitumii, kwa hiyo hupotezi chochote. Usiku wa leo anza nayo, kabla ya mengine yote.

Joto lina ubaya wa pili ambao hauonekani. Amonia ina sura mbili ndani ya maji, moja ikiwa na sumu kali na nyingine ikiwa na madhara madogo, na ile kali huongezeka joto likipanda au pH (kipimo cha uchachu na ualkali wa maji) ikipanda. Maji yenye pH 7 na nyuzi 30, sehemu yenye sumu kali haifiki asilimia 1. Maji yenye pH 8 kwa joto hilo hilo, inapanda hadi karibu asilimia 7.5. Uchafu ni ule ule, samaki ni wale wale, ila sumu imeongezeka mara nyingi kwa sababu tu maji yamekuwa na alkali zaidi. Na hapa makombe yako yanahusika, dada. Makombe, mawe ya matumbawe na mchanga wa pwani vyote vina chokaa, na chokaa hupandisha pH na ugumu wa maji, yaani wingi wa madini ndani yake. Vinapendeza, lakini vitoe. Ukitaka kujua kama jiwe lina chokaa, likaushe, lidondoshee siki au ndimu, kisha lisogeze karibu na sikio na jicho. Likitoa vipovu na kamlio kadogo, halifai. Mchanga chukua ule wa mto wanaouza mafundi ujenzi, uchekeche, uoshe mpaka maji yatoke meupe, kisha nao upime kwa siki. Weka unene wa sentimita 5 nyuma na 3 mbele.

Maji ya bomba ya Dar kwa sehemu kubwa yanatoka mto Ruvu, yakiwa yamesafishwa na kuwekwa klorini. Ukiyapumzisha kwenye ndoo wazi kwa saa 24 au zaidi, klorini ya kawaida inapungua sana, na ukiweka jiwe la hewa (kile kijiwe cha pampu kinachotoa mapovu) ndani inatoka mapema. Maji yaliyokaa simtanki siku kadhaa huwa na klorini kidogo kuliko yanayotoka bombani moja kwa moja, ila usiyaamini kwa macho. Dawa ya kuondoa klorini inauzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo, chupa ndogo inakaa miezi. Mimi nashauri uwe nayo hata kama unapumzisha maji. Ila ndoo yako ya kupumzishia ifunike kwa kipande cha chandarua kilichobanwa vizuri. Aedes, mbu anayeeneza homa ya dengi, hutaga kwenye vyombo vya maji yaliyotulia majumbani, na jiji hili limeshapata milipuko ya dengi, ya 2014 na 2019. Usiongeze mazalia nyumbani kwako kwa ajili ya samaki.

Kama nyumba yenu inatumia maji ya kisima, onja kwanza. Yakiwa na ladha ya chumvi, kama yalivyo maji ya visima vingi vya ukanda wa karibu na bahari, mimea mingi itadumaa. Na hata maji mazuri, usiridhike na kujazia tu yanapopungua. Yanayopanda kuwa mvuke ni maji matupu, chumvi na madini vinabaki ndani. Ukijazia miezi mitatu bila kutoa, unapika mchuzi unaozidi kukolea.

Sasa mimea, ambayo ndiyo roho ya swali lako.

Kwanza, usihuzunike kwa yale majani yaliyooza. Mimea mingi inayouzwa huoteshwa shambani ikiwa na majani nje ya maji, kwa sababu hukua haraka hivyo. Ukiizamisha, majani yale ya hewani hayawezi kazi ya chini ya maji, yanalainika, yanakuwa kama mlenda, yanaachia. Mmea haujafa. Bonyeza shina kwa vidole: likiwa gumu, kata majani yaliyooza, utoe nje ya tangi, subiri wiki mbili tatu. Majani mapya yatakuja, na utaona yana umbo tofauti, membamba na laini zaidi. Hapo ndipo mmea umekubali maji. Wewe ulikuwa unaing'oa kila Jumamosi, kwa hiyo hakuna mzizi uliopata siku saba za utulivu.

Kwa joto letu, wa kwanza kuupanda ni Vallisneria, ule wenye majani marefu kama utepe. Unavumilia maji magumu, unavumilia joto, wala hauhitaji gesi. Panda mizizi ndani ya mchanga, lakini ile sehemu nyeupe ambapo majani yanakutana na mizizi ibaki juu, ukiifukia inaoza. Ukishaizoea sehemu yake, utaona kikonyo chembamba kinatambaa juu ya mchanga, na sentimita chache mbele kinachipuza mche mwingine wenye majani mawili matatu. Mche mmoja unazaa safu. Majani yakifika juu na kulala, yaache yatie kivuli.

Wa pili ni Ceratophyllum, ule wenye majani kama sindano laini. Hauna mizizi, unauachia uelee tu. Huu unakula amonia moja kwa moja kwenye maji na unakua kwa kasi kubwa, kwa hiyo ndio mmea ninaoutegemea kuliko wowote kwenye tangi lenye matatizo kama lako. Nunua mafungu mawili. Ukishajaa, kata nusu, tupa kwenye mbolea ya bustani. Kila fungu unalotoa limebeba uchafu ambao ungekuwa sumu.

Anubias ni mmea wa Afrika, asili yake upande wa magharibi na kati. Unakua polepole, unapenda kivuli. Una shina nene linalolala, na shina hilo kamwe lisifukiwe mchangani. Lifunge kwa uzi kwenye jiwe au gogo, mizizi itashika yenyewe. Kangaga la Java hupandwa vile vile, ila wakati wa kaskazi huweza kupata madoa meusi maji yakipita nyuzi 28, kwa hiyo lisubiri. Kuna na ujanja mwingine: lile ua la pothos linalotambaa kwenye kuta za watu. Chukua kipande chenye vifundo, ning'iniza mizizi tu ndani ya maji, majani yabaki nje. Linavuta nitrati kwa nguvu sana.

Panda mingi siku ya kwanza. Hili nalisisitiza. Watu hununua mashina matatu wakisema wataongeza pole pole, na mwani unakuja kuchukua nafasi iliyobaki. Mchanga usionekane zaidi ya nusu.

Usiende kuokota mimea mtoni au kwenye madimbwi ili kuokoa hela. Inakuja na mayai ya konokono, na baadhi ya konokono wa maji yasiyo ya chumvi hubeba vimelea vya kichocho. Nunua, au omba kwa mwenye tangi.

Mwanga. Ondoa tangi dirishani, leo kama mtu wa kukusaidia yupo, baada ya kutoa maji libaki na robo. Jua la dirishani huwezi kulipunguza wala kulizima, na linapasha maji mchana halafu yanapoa usiku. Sogeza kwenye ukuta wa ndani, weka taa ya LED nyeupe ya Kelvini 6,500 hivi (kipimo cha rangi ya mwanga, kimeandikwa kwenye boksi), na kifaa cha kuwasha na kuzima chenye saa. Anza na saa 6 kwa siku. Baada ya mwezi mmoja ukiona majani mapya na mwani hauna nguvu, nenda 7, ukomo 8. Iwashe jioni mkiwa nyumbani, kuanzia saa kumi mpaka saa nne usiku. Tangi halijali saa ya ukutani.

Maji ya kijani hayaondoki kwa kubadilishwa, umeshaona mwenyewe. Yakibaki hata matone, yanarudi. Zima taa, funika tangi kwa khanga nzito siku 3 au 4, pampu ya hewa ikiwaka muda wote, usilishe. Ukifunua, badilisha robo ya maji na uweke Ceratophyllum nyingi juu. Fanya hivyo kabla hujapanda mimea mipya.

Hita usinunue. Hata wakati wa kipupwe, mwezi wa saba, maji ya ndani ya nyumba Dar hayahitaji kupashwa kwa gapi. Hiyo pesa nunua kipimajoto na feni ndogo. Feni ikipuliza juu ya uso wa maji inashusha nyuzi moja mbili, ingawa siku za unyevu mwingi inasaidia kidogo. Mtungi wa gesi nao si wa sasa. Mimea niliyokutajia haiuhitaji, na gesi ikizidi kwenye maji yenye oksijeni chache ya alfajiri, samaki wanalala ubavu.

Mbolea pia iwe kidogo. Samaki wenyewe wanatoa sehemu kubwa ya kinachohitajika. Majani mapya yakitoka ya njano, mmea unakosa chuma. Majani ya zamani yakitoboka matundu madogo, mara nyingi ni potasiamu. Tumia mbolea ya maji ya tangi, nusu ya kipimo cha kwenye chupa. Urea na DAP za duka la pembejeo zisisogee karibu na tangi: zinaleta amonia moja kwa moja, na kijiko kimoja kinaua wote.

Umeme ukikatika, usilishe. Pampu ndogo inayotumia pawabenki inatosha kwa usiku mzima. Kama huna, chota maji kwa jagi na uyamwage kutoka juu, kimo cha urefu wa mkono mmoja, mara kumi hivi, kila nusu saa. Na pampu yako ya hewa iweke juu ya usawa wa maji, kwenye rafu. Ikikaa chini, umeme ukikatika maji yanaweza kurudi kupitia mpira, yakashuka mpaka kwenye pampu na soketi.

Chakula: mara moja kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili, na siku moja kwa wiki wasile kabisa. Wanavyokimbilia kioo ukipita haina maana wana njaa. Gapi uliobaki nao tisa wanatosha, tena watazidi, kwa sababu jike hujifungua kila wiki 4 hivi na huhifadhi mbegu za dume kwa miezi. Tenganisha madume ubaki nayo peke yake, ndiyo yenye mikia ya rangi.

Goldifishi wako itabidi waondoke. Ni samaki wa maji ya baridi zaidi, wanachafua kuliko gapi wote wakijumlishwa, wanakua wakubwa, na wanakula mimea laini. Wale samaki wa rangi wa Ziwa Nyasa ambao muuzaji atakupa mbadala nao usichukue; wanapenda maji magumu yenye alkali, na wengi wanafukua mchanga na kung'oa kila kitu. Warudishe goldifishi dukani wakubadilishie na mimea, au mpe mtu mwenye bwawa la kivuli uani. Usiwaachie mto Msimbazi wala kwenye dimbwi lolote. Madimbwi ya mvua ya pwani yetu yana samaki wake wadogo, jamii ya Nothobranchius, ambao mayai yao hulala kwenye tope kiangazi chote yakisubiri maji. Samaki mgeni akiingia humo anawala watoto wao. Hata mimea unayopunguza iache ikauke juani kabisa kabla ya kuitupa.

Nitumie picha baada ya wiki tatu, ukiwa umepiga asubuhi kabla taa haijawaka, nione wanakaa sehemu gani ya maji.